Shuka Korongoni Kiangazi, Rudi Masika

Ijumaa jioni Dodoma hufungasha. Stesheni ya reli ya kisasa hujaa watumishi wanaokimbilia Dar es Salaam, maana tangu treni ya umeme ianze kufika hapa Julai 2024, bahari imekuwa jirani. Stendi ya mabasi nayo hujaa wanaokwenda Morogoro, Arusha, popote penye ukijani. Mwulize mmoja wao kwa nini asibaki, atakujibu huku anatembea: "Nibaki nione nini? Vumbi?"

Nakuandikia wewe mwenye jibu hilo. Umehamishiwa makao makuu, au unasoma UDOM, au umezaliwa hapahapa Chang'ombe na safari yako ndefu kaskazini imeishia Msalato. Umeiona Dodoma ya Oktoba, kavu, ya kijivu, yenye upepo wa kupofua macho, ukahukumu kwamba hiyo ndiyo Dodoma yote. Hukumu hiyo umeitoa mapema mno. Nchi hii ya kati ina kiangazi cha miezi saba na mvua ya miezi mitano, na kati ya misimu hiyo miwili ardhi hubadilika kiasi kwamba mgeni aliyepita Septemba akirudi Machi huuliza kama dereva hakukosea njia.

Basi nakupa kazi. Chagua korongo moja. Lizunguke kwa miguu, njia ileile, mara nne kabla mwaka haujapinduka: mvua zinapoanza, zinapokolea, zinapokatika, na ukame unapofika kileleni. Waliotembea sehemu kumi mara mojamoja wako wengi na picha zao tumeziona. Wanaoijua sehemu moja kwa nyuso zake zote ni wachache, na leo nataka ujiunge nao.

Anzia Kolo

Korongo ninalokupendekezea liko Kolo, wilayani Kondoa, kando ya barabara kuu ya Dodoma kwenda Babati. Ni mwendo wa kilomita 180 hivi kutoka mjini, lami tupu tangu barabara hiyo ilipozinduliwa 2018. Mabasi ya Babati na Arusha hupita hapo. Kisingizio cha usafiri, kwa hiyo, kimeshakufa.

Hapo ndipo penye lango la michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Eneo lililohifadhiwa lina kilomita za mraba 2,336, likiwa kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, na ndani yake kuna mapango na miamba ya kujisitiri kwa mamia. Mary Leakey, yuleyule wa Olduvai na nyayo za Laetoli, alikuja hapa 1951 akakaa akinakili michoro hiyo mmoja baada ya mwingine, na aliyoyakusanya yakaja kutoka kama kitabu miaka 32 baadaye.

Usitarajie vibao vya njia wala mishale iliyopakwa rangi. Unafika Kolo, unaripoti ofisi ya malikale, unalipa kiingilio, unapewa mwongozaji. Huyo ndiye ramani yako. Kutoka kijijini mnaelekea mashariki, mnavuka mto wa mchanga, kisha mnaanza kuupanda mlima hadi kwenye miamba mikubwa ya Mungomi wa Kolo. Mwombe mpande kwa upande mmoja na kurudi kwa mwingine: mpande kwa kufuata korongo, mrudi kwa mgongo wa kilima. Mzunguko huo ndio nitakaokudai mara nne.

Kule juu utawakuta watu warefu wembamba waliochorwa kwa rangi nyekundu, wenye vichwa vilivyotuna kama waliovaa mapambo au waliofuga nywele, pamoja na tembo, twiga na pofu. Michoro hiyo huhusishwa na jamii za wawindaji, wa aina ya mababu wa Wasandawe ambao mpaka leo wanaishi upande huu wa nchi na kuzungumza lugha yao yenye vidoko. Kuna pia michoro myeupe, ya baadaye, inayodhaniwa kuwa ya wakulima. Na Mungomi hapajageuka makumbusho. Wenyeji bado hupanda kufanya matambiko yao, yakiwemo ya kuomba mvua. Kwa hiyo ingia kwa adabu ya mtu aliyekanyaga mahali pa ibada pa wengine. Usiguse mchoro. Usiumwagie maji ili ung'ae kwenye picha, kwa kuwa maji hayo ndiyo yanayoufuta.

Desemba: mvua inapogonga

Dodoma mjini hupata wastani wa milimita 570 hivi za mvua kwa mwaka, na karibu zote huanguka kati ya Desemba na Aprili. Hakuna vuli ya kukuonjesha. Mawingu yanajikusanya wiki nzima, joto linabana, halafu siku moja mbingu inapasuka. Nenda siku mbili tatu baada ya hapo. Vichaka vilivyokuwa miiba mitupu vimeshatoa majani madogo ya kijani kibichi. Kumbikumbi wanatoka ardhini kwa maelfu, na watoto wanawakimbiza. Mashambani majembe yanafanya kazi kabla jua halijachomoza, kwa sababu huku anayechelewa kupanda kwa wiki moja anaweza kuilipa wiki hiyo mwaka mzima.

Huu ndio msimu wa kujifunza kuliheshimu korongo. Ardhi iliyokaa juani miezi saba hufanya gamba, na maji ya mvua ya kwanza hayazami haraka. Yanateremka. Mvua ikinyesha milimani, mto uliokuwa mchanga mtupu unaweza kukujia na ukuta wa maji ya kahawia hali wewe ulipo jua linawaka. Usidharau. Mto Kinyasungwe, ambao kiangazi unauvuka bila kulowa kisigino, umeing'oa Reli ya Kati mara nyingi kati ya Gulwe na Kilosa. Mafuriko ya mwanzoni mwa 2010 yalisimamisha treni kwa miezi.

Kanuni ni hizi, zikariri. Ukisikia ngurumo upande wa juu wa mto, toka mchangani, panda ukingoni. Usipumzike wala usile chakula ndani ya korongo. Maji yakiwa yanakwenda kasi, au hujui kina chake, usivuke hata kama mwenzako amevuka. Kaa ukingoni usubiri. Mito hii ikija kwa hasira huondoka upesi pia, na saa chache za kusubiri hazijawahi kumuua mtu. Hata yakishapungua, gusa mchanga kwa fimbo kabla ya mguu, kwani uliolowa hudidimia.

Machi: Dodoma usiyoijua

Machi nakuomba uende hata kama ni lazima ukope siku. Ile nchi uliyoiita jangwa inavimba kwa majani. Alizeti zinachanua pande zote mbili za barabara ya Kondoa. Uwele na mtama vimempita mtu kimo. Kwenye miamba ya Kolo vijito vinatiririka mahali ambapo Oktoba ungeapa kwamba hapajawahi kuonja maji. Jioni vyura wanapiga kelele mpaka mnapandisha sauti ili msikilizane.

Na safari inakuwa ngumu zaidi, hilo sikufichi. Njia inateleza. Nyasi ndefu zinaficha mawe na nyoka, kwa hiyo vaa viatu vya kufunika kifundo na tembea na fimbo. Unyevu unakukamua jasho. Huenda mto ukakukatia mzunguko katikati na mwongozaji akasema, "Leo tunaishia hapa." Msikilize, geuka. Mtu anayetembea misimu yote hujifunza mapema kwamba kugeuka ni sehemu ya safari. Mlima utakuwepo Juni.

Juni: miguu mirefu

Mvua zimekatika, kipupwe kimeingia. Asubuhi Dodoma inakulazimisha kuvaa sweta, na upepo unavuma kutwa. Huu ndio msimu wa kutembea mbali. Nyasi zimegeuka rangi ya dhahabu na kulala, njia imekauka, na jua la saa sita halikuadhibu. Kama Desemba uliishia mwamba wa kwanza ukihema, Juni fika wa tatu, kisha urudi kwa mgongo wa kilima bila haraka.

Ni wakati wa mavuno. Utakutana na akina mama wakipura uwele, na ukisalimia vizuri hutaondoka mikono mitupu. Mabuyu yamekomaa. Vunja moja, mung'unya ubuyu wake mkavu mchachu huku unatembea, utaelewa kwa nini watoto wa huku hawabebi pipi. Usisahau kuwa ule umbali ulioumaliza leo kirahisi ulikushinda miezi sita iliyopita. Mlima haujapungua hata hatua moja. Aliyekua ni wewe.

Oktoba: mifupa ya nchi

Sasa rudi kwenye ule mwezi uliokuchukiza. Anza kutembea saa kumi na mbili asubuhi, uwe umeshapata kivuli ifikapo saa nne, na beba maji yasiyopungua lita tatu kwa kila mtu. Korongo limebaki mifupa. Kuta zake zinaonyesha matabaka ya udongo, moja jekundu, jingine jeupe, na mizizi inaning'inia hewani. Mchangani kumeandikwa yote yaliyotokea usiku: nyayo za kanga, za mbweha, za mbuzi na mchungaji wao.

Mto umekufa? Waangalie akina mama waliochimba shimo mchangani, wameinama na kata, wakichota maji masafi kidogo kidogo hadi ndoo ijae. Maji ya masika hayakupotea. Yalizama, yakajihifadhi chini ya mchanga ambako jua haliyafikii, na anayejua pa kuchimba anayapata. Nayo mibuyu, bila hata tone la mvua, huanza kuchanua. Maua meupe makubwa hufunguka jioni, popo wakaja kunywa asali yake gizani. Mti huo hausubiri mvua ije ndipo ujiandae. Mvua inaukuta umeshachanua.

Mtu aliyekuja Oktoba tu haoni hayo. Kwake shimo ni shimo na mti ni mti mkavu. Wewe uliyepita hapo Machi unajua maji yale yalitoka wapi.

Nchi iliyopumzishwa ikapona

Kama unataka ushahidi kwamba misimu ikipewa nafasi hufanya kazi, tazama chini ya miguu yako. Milima ya Irangi unayoitembea iliwahi kuwa jeraha. Miti ilikatwa, mifugo ikazidi, mvua ikachana vilima vikawa makorongo ambayo ungeweza kuficha nyumba ndani yake. Mchanga ulioporomoka ulifunika mashamba ya bondeni.

Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kwa msaada wa Sweden. Walichimba matuta, wakapanda miti. Lakini hatua kubwa ilikuja 1979: mifugo yote ikaondolewa katika eneo lililoharibika zaidi la Kondoa, kilomita za mraba 1,256. Haikuwa rahisi. Kaya ziliagana na ng'ombe zao, na watoto wakakosa maziwa waliyoyazoea. Ila baada ya misimu kadhaa nyasi zilirudi zenyewe. Vichaka vikafuata, kisha miti ya miombo ikachipua kutoka kwenye visiki ambavyo kila mtu alishavihesabu kuwa vimekufa. Mito ya mchanga iliyokuwa imetanuka ikaanza kujibana. Baadaye ng'ombe wakaruhusiwa kwa masharti, wakifugwa bandani na kukatiwa majani.

Ndugu yangu uliyechoka, unayeona kazi imekukausha, umri umekwenda, mwili umekuwa mzito, biashara imekwama: unapopanda Kolo unapanda juu ya ardhi ambayo watu waliikatia tamaa. Haikuponywa na siku moja ya bidii kubwa. Ilipona kwa sababu ilipewa masika moja, na ya pili, na ya kumi. Mwili wako na nafsi yako vinataka subira hiyohiyo.

Na anayedhani anaweza kuupuuza msimu akashinda kwa nguvu, asome yaliyotokea hapahapa Kondoa. Aprili 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wapanda farasi wa Jenerali van Deventer kutoka Afrika Kusini waliukimbilia mji huu wakauteka kutoka kwa Wajerumani. Ushindi wa haraka. Kisha masika yakawafungia njia nyuma yao. Chakula hakikupita, farasi wakafa, askari wakaugua, na Mei wakashambuliwa wakiwa wamedhoofika. Walikuwa na bunduki na mizinga. Kalenda ya mvua hawakuwa nayo.

Visingizio, kimoja kimoja

"Sina muda." Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Zipo ndani ya simu yako, zihamishie miguuni. Kolo nakudai mara nne tu kwa mwaka. Wiki nyingine zote panda vilima vya mawe vinavyouzunguka mji. Vimekaa hapo bure, jioni kwa jioni, vinakungoja uviandalie mapafu.

"Ni mbali." Basi zunguka karibu. Mpwapwa ina safu ya Kiboriani. Manyoni ina ukingo wa Bonde la Ufa, pale reli inapojikongoja kupanda kutoka Saranda. Bahi ina tambarare inayopokea maji ya Mto Bubu, maji yasiyofika baharini kamwe, ambayo masika hufanya ziwa la ndege na kiangazi huacha ardhi iliyopasuka. Korongo nyuma ya kijiji chenu nalo ni korongo. Ninachokataa ni kwenda mara moja ukaridhika.

"Kutembea bila shughuli ni mambo ya Wazungu." Acha hayo. Nchi hii ilitembewa na wapagazi wa Kinyamwezi, kila mmoja na frasila mbili begani, zaidi ya kilo thelathini, kutoka Tabora hadi pwani na kurudi. Walivuka Ugogo na nyika kavu ya Marenga Mkali wakijua kila kisima na mwezi wake. Na Oktoba 1967 Mwalimu Nyerere aliondoka Butiama kwa miguu hadi Mwanza, zaidi ya kilomita mia mbili, kuunga mkono Azimio la Arusha. Rais wa nchi! Wewe na mimi tunataka bodaboda mpaka mlangoni.

"Naogopa kwenda peke yangu." Usiende peke yako. Mchukue jirani, mchukue mwanao aliye sekondari, waite watu wa ofisini badala ya kikao kingine cha vinywaji. Acha taarifa nyumbani mnakokwenda na saa ya kurudi. Mwongozaji mnaye. Asiyeweza mwendo wa kasi atangulie mbele, wengine wafuate mwendo wake, kwa kuwa mwenda pole hajikwai.

Sasa inuka

Chukua daftari, la karatasi. Kila mzunguko andika mambo matatu tu: maji umeyakuta wapi, mti gani umebadilika, na pumzi yako ilikuishia mwamba upi. Piga picha moja, umesimama mahali palepale kila mara. Ukifika mzunguko wa nne utakuwa na kitu ambacho hakiuzwi dukani wala hakipatikani kwa safari moja ya mbio: mwaka mzima wa nchi yako, ulioushuhudia kwa macho yako na kuulipia kwa jasho lako.

Wala usingoje mwezi mzuri. Hakuna mwezi mbaya wa kuanza, kuna mwezi uliopo tu. Ukiwa Oktoba, anza na mifupa. Ukiwa Machi, anza na tope. Jumamosi hii amka alfajiri, jaza chupa za maji, funga kamba za viatu, na kabla hujatoka mlangoni weka tarehe ya safari ya pili kwenye kalenda, kisha ya tatu, kisha ya nne. Mtumie ujumbe yule rafiki anayekimbilia Dar kila Ijumaa. Mwambie asikate tiketi wiki hii, kuna kilima mnakwenda kukipanda.